Kigae na Ndala: Habari za Sanaa ya Pwani na Vitu Viletwavyo na Bahari

Katika Kilwa Kisiwani, si mbali na Msikiti Mkuu, upo msikiti mdogo wenye kuba ambao wanahistoria huuhesabu kuwa ni jengo la karne ya 15. Mafundi walioujenga hawakutosheka na mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo kisiwa kilikuwa navyo kwa wingi. Walichukua mabakuli ya udongo yenye rangi ya kung'aa, yaliyotoka ng'ambo ya bahari, wakayapachika katika dari ya matao, midomo ikitazama chini, ili mwenye kuinua macho ayaone. Baadhi ya mabakuli hayo yamebanduka na kuacha vitundu vya duara. Lakini hata vitundu vyenyewe vyatoa ushahidi. Chombo kilichofinyangwa mbali kwa ajili ya kulia chakula kilipata katika Kilwa kazi ambayo mfinyanzi wake hakuiwaza: kikawa pambo la nyumba ya ibada.

Habari hii yafaa kukumbukwa leo, kwa sababu bahari ile ile ingali ikileta vitu katika pwani ya kusini, ijapokuwa vitu vyenyewe vimebadilika. Mahali pa bakuli pamekuja chupa ya plastiki, kamba ya nailoni, kifuniko, na ndala iliyokatika ukanda. Na mahali pa fundi wa matao wamekuja watu wa Kiwayu, wa Lamu, wa Nairobi, na wa miji mingine ya Afrika ya Mashariki, ambao hukata, husuka, huchonga na huyeyusha plastiki iliyotupwa, wakaifanya mapambo yenye sura ya kazi za wazee wao. Juu ya kazi hizo husemwa maneno mawili. Wako wasemao kwamba urithi ni ukindu, mpingo na udongo, na ya kuwa plastiki haiwezi kuingia katika urithi ila kwa kuuharibu. Wako pia wasemao kwamba sanaa hii ni wokovu maradufu, wa bahari na wa mila. Historia ya Kilwa na ya pwani ya Lindi haikubaliani sawasawa na upande wowote kati ya hizi mbili, na sababu zake zastahili kuelezwa.

Neno la kwanza ndilo la kupimwa kwanza. Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliihesabu katika miji iliyo mizuri. Utajiri huo uliingiza kauri za Uchina, vyombo vya Uajemi, nguo za Bara Hindi na shanga za kioo. Neville Chittick, aliyeyachimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960 na kuyachapisha matokeo yake katika juzuu mbili mwaka 1974, alipata pamoja na vyombo vya fahari vitu vidogo ambavyo kwa somo hili vina thamani kupita fahari yote. Vilikuwa ni vigae. Baadhi vilikuwa vimezungushwa kingo na kutobolewa katikati, vikatumika kuwa uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Vingine vilikuwa na mifereji myembamba, alama ya kusugulia shanga za kombe mpaka zikawa laini. Yaani chungu kilichokwisha kupika kilirudi kusokota nguo, na chungu kilichopasuka kikasaidia kuzaa shanga.

Mfano mwingine watoka Sofala, mji ambao kwa muda mrefu ulikuwa chini ya mkono wa masultani wa Kilwa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za nchi za Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba Waislamu wa huko walilima pamba na kufuma nguo nyeupe nyingi. Kwa kuwa rangi za kutia nyuzi hawakuwa nazo, walichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Kazi hii si ndogo. Kuifumua nguo iliyokwisha kufumwa kwahitaji subira kuliko kuivaa, na aifanyaye sharti awe na picha ya nguo nyingine akilini mwake kabla hajavuta uzi wa kwanza. Mgeni aliileta rangi. Mwenyeji aliiamulia mahali pa kukaa.

Desturi hii haikufa pamoja na ufalme wa Kilwa, ambao Wareno waliuvunja nguvu mwaka 1505. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya karne zilizofuata zilipambwa kwa sahani za Kichina zilizopachikwa katika chokaa. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler aliitembelea pwani ya Tanganyika, akaona vipande vya kauri vimetapakaa kiasi cha kumfanya aseme kwamba historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa, chini ya ardhi, kwa kauri za Uchina. Neno lake ni la kweli nusu. Kauri ilikuwa ya Uchina, lakini mwandiko ulikuwa wa pwani. Maana Mchina hakuiweka sahani yake juu ya nguzo ya kaburi, wala Mwajemi hakulipachika bakuli lake katika tao la Kilwa.

Kwa hiyo asemaye kwamba sanaa ya asili ya pwani ni ile iliyofanywa kwa vitu vya asili peke yake hana shahidi. Lakini ikiwa urithi haumo katika kitu, umo katika nini? Jawabu laweza kutafutwa katika kazi ambayo ingali hai, nayo ni ususi wa mikeka. Majani ya ukindu huvunwa, huanikwa na huchanwa kuwa chane. Chane nyingine hutiwa rangi, nyingine huachwa na weupe wake. Chane husukwa ukili, utepe mrefu usio na upana mkubwa. Kisha ukili huo hupangwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukatimia. Pambo la mkeka halipakwi juu yake baada ya kazi kwisha. Latokana na hesabu: chane ipi ipite juu, ipi ipite chini, na baada ya ngapi zamu ibadilike. Msusi akikosea hesabu, kosa hulala kimya katika ukili, hata siku ya kushona ndipo hudhihirika, mstari mmoja usipokutana na wa pili. Jani huoza baada ya miaka michache. Hesabu hudumu, mradi awepo binti wa kuipokea kwa mama yake.

Hapa ndipo plastiki inapoingia katika habari hii, nayo haikuingia kama rafiki. Katika kata ya Mtanda mjini Lindi, kama katika mitaa ya miji yote ya pwani, mkeka wa plastiki wa kiwandani ni kitu cha kawaida cha nyumbani. Ni mwepesi, huoshwa kwa maji, haulowi ukaoza, na bei yake yatazamika. Mapambo yake mengi ni nakala za mapambo ya ususi, lakini hesabu yake imo katika mashine, wala aununuaye haichukui hesabu hiyo pamoja na mkeka. Kila mkeka wa kiwandani uingiapo nyumbani, mkeka mmoja wa ukindu hukosa mnunuzi. Na msusi akikosa mnunuzi, binti yake hukosa sababu ya kujifunza. Basi swali la sanaa ya plastiki si swali la marembo tu. Kitu kilichokaribia kuivunja hesabu ya mkono ndicho kinachoitwa sasa kije kuiokoa.

Na kuitwa kwenyewe kwawezekana. Mfuko wa plastiki huchanika kuwa chane. Mikanda ya plastiki ifungiayo mizigo imekwisha kuwa vikapu katika masoko mengi ya Afrika ya Mashariki, na wavuvi wa pwani tangu zamani hukata ndala kuukuu wakazifanya maboya ya nyavu zao. Mkono uliozoea ukindu hauoni katika mfuko takataka peke yake. Huona pia upana, urefu na rangi. Mkeka au kikapu kilichosukwa hivyo, kwa hesabu ile ile, una haki ya kuitwa mrithi wa mkeka wa ukindu kuliko ule wa kiwandani ulioiga sura yake. Huu wa mwisho umerithi uso. Ule umerithi akili.

Hata hivyo historia ya Kilwa ina ukurasa mwingine, nao haufai kurukwa na mtu asifuye werevu wa mafundi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Pambo nalo lina daftari lake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya mashamba vilivyokuwa chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa mlango mkubwa wa biashara hiyo. Shanga na nguo zilipanda bara pamoja na misafara hata nchi za Ziwa Nyasa; pembe na watu wakashuka pwani; na jambo hilo liliendelea kwa wazi mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipoufunga mnada wa watumwa wa Unguja na kuyakataza majahazi kuwachukua. Shanga iliyong'aa katika shingo ya mtu mmoja yamkini ilikuwa thamani ya shingo ya mtu mwingine. Haitoshi basi kusema kwamba watu wa pwani walijua kufanya kizuri kwa kila kilicholetwa na bahari. Yapasa kuuliza pia kilikuja kwa njia gani, na nani alilipa.

Karne ya 20 ilileta bati na mpira wa magari. Kopo tupu lilifanywa koroboi na fundi wa bati, na gurudumu lililokwisha likakatwa kuwa katambuga. Vitu hivyo havikupewa jina la sanaa ya kuyatunza mazingira. Viliitwa koroboi na katambuga, kwa sababu nyumba ilihitaji taa na mguu ulihitaji kiatu. Lakini mara nyingine uhitaji ulizaa sanaa iliyojulikana duniani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini ya Tanzania, alianza mwaka 1968 kupaka picha katika Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia mbao nyembamba za kutengenezea dari na rangi za kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege kwa namna ambayo, baada ya kifo chake mwaka 1972, wanafunzi wake waliiendeleza ikawa mtindo wenye jina lake. Rangi ya baiskeli iling'aa mno kwa kazi ya picha. Yeye akaugeuza mng'ao huo, ambao mwingine angeuona kuwa dosari, ukawa ndiyo sura ya kazi yenyewe. Hiyo ni hekima ile ile ya mfumaji wa Sofala.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya vitu vyote vilivyotajwa na plastiki. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aligundua plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu. Mwaka 1933 wanakemia wa Uingereza wakaipata polithini, ambayo ndiyo hufanyiwa mifuko na chupa nyingi. Katika mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza kiasi cha tani milioni 2 za plastiki. Katika mwaka 2015 kiasi hicho kilikuwa kimepita tani milioni 300. Wataalamu waliofanya hesabu na kuitangaza mwaka 2017 walikadiria kwamba tangu mwanzo hata mwaka 2015 zilitengenezwa tani milioni 8,300, na ya kuwa katika plastiki yote iliyokuwa taka ni sehemu 9 tu katika 100 zilizorudishwa kazini. Bakuli la Kilwa liliagizwa, likalipiwa, likatunzwa. Plastiki iliyo ufukweni haikuagizwa na mtu wa ufukweni. Ukindu ukitupwa hurudi kuwa mbolea. Plastiki hupasuka ikawa chembe, na chembe zikaendelea kuwa plastiki.

Pwani ya Lindi ina nafasi ya pekee katika habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao makuu ya Jimbo la Kusini yalihamishwa kutoka Lindi kwenda Mtwara, ambako serikali ya Kiingereza ilijenga bandari ya maji marefu kwa ajili ya mpango wa karanga. Meli kubwa zilikwenda na bandari. Mkondo wa bahari haukuhama. Mkondo mkubwa utokao mashariki, kusini ya ikweta, huifikia Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukagawanyika, na tawi moja hupanda kaskazini likipita mbele ya Lindi na Kilwa. Nguvu ya mikondo hiyo ilishuhudiwa mwezi wa Juni 2016, kipande cha bawa la ndege ya Malaysia iliyopotea mwaka 2014 kilipookotwa katika kisiwa cha Pemba. Kama kipande cha ndege chaweza kuvuka bahari hiyo, chupa na ndala zitashindwaje? Katika Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na mji wala soko, watu walioingia mwaka 2019 kukisafisha waliondoa tani 25 za taka kwa muda wa majuma matano, nao wakakadiria kwamba tani 513 zilibaki. Nyingi zilikuwa zana za uvuvi, na ndala zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Ndala hizo ndizo zilizoanzisha mojawapo ya kazi zinazojulikana zaidi katika sanaa hii. Katika Kiwayu, kisiwa cha kaskazini katika visiwa vya Lamu, watoto walikuwa wakikata ndala zilizotupwa na mawimbi wakazifanya vitu vya kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyefanya kazi huko, aliwaona, akawahimiza mama zao waziokote, wazioshe na kuzifanya vitu vya kuuzwa. Kazi hiyo baadaye ilihamia Nairobi ikajulikana kwa jina la Ocean Sole. Ndala huoshwa, hugandishwa pamoja kwa gundi mpaka zikawa bonge la rangi nyingi, kisha huchongwa kwa kisu: twiga, kobe, tembo, simba. Miongoni mwa wachongaji wake wamo waliokuwa wakichonga miti.

Jambo hili la mwisho lina nasaba ndefu, nayo yarudi kusini. Wakamba husimulia kwamba uchongaji wao wa vinyago vya biashara ulianza kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Elimu hiyo ilisafiri kutoka Tanganyika hata Ukambani, kutoka Ukambani hata Nairobi, ikabadilisha mti ikashika ndala. Mwenye kuona tembo wa rangi saba katika duka la watalii huenda akacheka. Lakini akitazama jinsi kisu kilivyozunguka sikio na kulitenga na shingo, ataona mkono uliofunzwa na mti. Maana mpira wa ndala wenyewe hauna uzi wa kumwongoza mchongaji.

Kazi ya pili ni ya Lamu. Tangu mwaka 2016 watu wa mradi uitwao Flipflopi waliazimia kujenga chombo cha tanga kwa plastiki iliyotumika, na fundi mkuu akawa Ali Skanda, mjenzi wa majahazi wa Lamu. Plastiki ilikusanywa katika fukwe na miji ya Kenya, ikayeyushwa, ikatiwa katika kalibu, zikatoka nguzo na mbao. Mafundi wakazichonga na kuzipigilia misumari kwa mkono kama ilivyo desturi yao: mkuku, mataruma, kisha mbao za ubavuni. Plastiki haina nyuzi kama mti, na katika joto hupinda kabla mti haujapinda. Ikawapasa mafundi kujifunza upya kile walichokuwa wakikijua. Chombo kilitumia kiasi cha tani 10 za plastiki, na ubavu wake ukavikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, kila rangi mahali pake. Kilishushwa majini mwezi wa Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hata Unguja, mwendo wa kilomita 500 na zaidi.

Chombo hiki chastahili sifa, na sifa yake kubwa ni kwamba hakikulificha daftari lake. Aliyekiona baharini hakuweza kukidhania kuwa ni mti. Ndala zilionekana kuwa ni ndala. Pambo lilimwambia mtazamaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba ufundi wa Lamu ungali na nguvu, na kwamba bahari imejaa vilivyotupwa. Sanaa isemayo neno la kwanza tu ni sanaa ya kumbembeleza mnunuzi. Isemayo la pili tu ni tangazo. Kuyasema yote mawili, tena kwa uzuri, ndiyo kazi ngumu.

Lakini hapa ndipo neno la wokovu nalo linapopaswa kupimwa kwa haki. Tani 10 za chombo kile si zaidi ya sehemu moja katika 50 za taka zilizokadiriwa kubaki Aldabra peke yake. Hata kama kila kijiji cha pwani kingejenga chombo chake, viwanda vingezijaza fukwe tena kabla rangi haijapauka. Jambo linaloweza kupunguza taka kwa kiasi cha kuonekana ni sheria na mabadiliko ya viwanda: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Isitoshe, plastiki iyeyushwayo ovyo juu ya moto wa wazi hutoa moshi wenye sumu, na chembe zidondokazo katika kukata na kuchonga zisipokusanywa hurudi baharini zikiwa ndogo zaidi kuliko zilipotoka. Kumwambia msusi kwamba amesafisha bahari ni kumdanganya, na ni kumpa mtengenezaji wa plastiki msamaha ambao hakuuomba wala hakuulipia.

Tena haifai kudhani kwamba kila mtu aachaye mti kwa ajili ya plastiki ametenda wema. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa misitu, chini ya mpango wa uhifadhi wa mpingo. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kukomaa. Kijiji kinachoutunza chapaswa kupata riziki kwa huo, la sivyo hakitaona sababu ya kuulinda. Ukindu nao huota tena ukivunwa kwa kiasi. Kitu cha asili kikitumiwa kwa adabu hujirudisha chenyewe, jambo ambalo plastiki haiwezi. Basi plastiki haikuja kuvifukuza ukindu na mpingo katika karakana. Mahali pake pa haki ni pale ambapo imekwisha kutupwa, na mkono wenye hesabu upo, na mwenye mkono huo analipwa kadiri ya kazi yake.

Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa upesi. Vitu hivi huuzwa mara nyingi pamoja na hadithi ya bahari, na hadithi huongeza bei; lakini nyongeza hiyo haifiki daima kwa aliyekaa chini kuchana na kusuka. Mnunuzi akiambiwa idadi ya chupa zilizookolewa, aambiwe pia siku ngapi zilikwenda katika kikapu kimoja. Chupa zina watu wengi wa kuzihesabu. Siku za msusi ni nadra kuhesabiwa.

Na kwa mwanafunzi wa historia upo wajibu mwingine. Wale waliozungusha kigae cha Kilwa na kukitoboa hawajulikani majina. Kazi yao ilibaki kwa sababu udongo uliochomwa hauozi upesi. Lakini uzi waliousokota umekwisha, na maneno waliyofundishana umekwenda nayo upepo. Plastiki itabaki kwa muda mrefu, na watakaochimba ardhi ya Lindi baada ya karne nyingi hawatakosa vifuniko na ndala. Watakachokosa ni jina la aliyezikata, mahali alipojifunza, hesabu aliyoifuata na malipo aliyoyapata, isipokuwa mambo hayo yaandikwe sasa. Wasusi wajuao hesabu za ukili kwa moyo wangaliko katika pwani hii, na wengi wao ni wazee. Kazi ya kuwaendea, kuwauliza na kuandika haihitaji jahazi wala kiwanda. Yahitaji daftari, kalamu, na adabu ya kukaa kwenye mkeka mpaka mwenyeji aishilize sentensi yake.